Hesabu Vidole Vyake

Bigwa, alasiri

Beda mwanangu,

Umekwenda misheni kumuaga mwalimu wako, nami nimekaa kizingitini na karatasi hizi nilizochana kwenye daftari langu la shule. Nataka ukirudi uikute barua juu ya mkeka wako. Usiifunge pamoja na nguo ukaisome kwenye treni kesho. Isome leo, jua likiwapo, kwa maana ina jambo ambalo lazima ulijue ukiwa bado chini ya paa hili, na kabla mjomba wako hajafika kukusindikiza.

Sitakuandikia habari za maji ya kunywa, wala za kufunika kifua asubuhi za baridi, wala za kusali. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na tumbo lako.

Niache kwanza niseme furaha yangu, hata kama itakuudhi. Leo ni wiki ya tatu tangu padri atufungishe ndoa, mimi na Kobelo. Mwanangu, naamka kila siku nikiwa na hamu ya kuisikia sauti ya mtu ambaye amelala pembeni yangu. Akiwa juu shambani nasikia jembe lake likigonga mawe, na nalijua kuwa ni lake, si la jirani. Anarudi na ua amelibana sikioni, ananipa huku akitazama kando kama mtu anayeleta ushuru. Juzi nilicheka mpaka nikamwaga togwa. Masista walinisomesha mpaka darasa la juu kabisa walilokuwa nalo, nikasoma vitabu vingi vya sala na kimoja cha hesabu, na hakuna hata kimoja kilichoniambia kuwa mjane mwenye mtoto wa kiume aliyeota ndevu anaweza kuwa hivi. Nampenda. Nampenda mpaka naona aibu kuandika, na nimeandika.

Wewe muda wote huo umekuwa ukiutazama mlima. Yeye anakusemesha, "Hujambo, baba," nawe unageuka kuangalia Uluguru kana kwamba imeota jana. Siku ya tatu ya ndoa uliniambia, taratibu, bila kupandisha sauti, "Mama, mimi siwezi kumpa shikamoo mwizi." Mjomba wako alikuwa ameshasema kabla yako, tena kwa ukali: kwamba nimemleta mwizi wa kuku kwenye ardhi ya mama zetu. Na unajua kwetu mume ndiye anayekuja kulima kwenye ardhi ya ukoo wa mke. Kwa hiyo Kobelo anakula kila siku juu ya ardhi ya watu wanaomwita mwizi, na kuni anakata yeye.

Kisha ukachukua kipande cha kazi kwenda shamba la Mzungu kule mbele ya Kilosa, kumchagulia vifaranga vyake. Unasema umekwenda kutafuta kazi. Mimi najua unamkimbia nani.

Beda, Kobelo hakuiba. Ninajua, kwa sababu ninajua ni nani aliyetenda.

Ulikuwa na miaka sita. Baba yako alikuwa ameshakufa kwa homa akiwa upagazini, nami nilikuwa nikifanya kazi kwenye shamba la yule Mzungu tuliyemwita Bwana Saa, kwa kuwa hakusema neno bila kwanza kutoa saa mfukoni. Alikuwa ameleta kutoka kwao jogoo mmoja, mkubwa, mzito, miguu mifupi, na kila mguu una vidole vitano. Kuku wetu wote wana vinne. Wafanyakazi walikuja kumtazama jogoo yule kama watu wanaotazama mnyama wa porini. Bwana Saa akamwachia majike ya hapa hapa Bigwa, wengine kuku wetu wa kawaida, wengine kuchi, wale warefu wa watu wa pwani, wenye shingo ndefu na manyoya machache, wanaopigana mpaka kufa. Vifaranga vilivyotoka vilikuwa mchanganyiko usioeleweka. Kulikuwa na chenye miguu ya mama na kifua cha baba, na chenye rangi isiyokuwa ya yeyote. Lakini karibu wote walichukua vidole vitano vya baba yao.

Kazi yangu ilikuwa kutenga majike na madume. Wewe nimekufundisha, na unaijua vizuri kuliko nilivyoijua mimi wakati ule, lakini sikukuambia nilijifunza wapi. Nimekuambia kila mara: kwanza jua huyu ni mtoto wa nani, ndipo uulize kama ni jike au dume. Upanga wa kichwani, ile nyama nyekundu ya utosini, unasema kweli kati ya ndugu wa mama mmoja tu. Mtoto wa kuchi, hata akiwa dume, upanga wake unalala chini kama punje tatu za mtama zilizopangwa. Mtoto wa kuku wa kawaida kwa jogoo yule wa Kizungu, hata akiwa jike, upanga wake unasimama mapema na kuwa mrefu. Ukiwaweka kwenye tenga moja ukapima panga zao kwa jicho moja, utamwita dada kaka na kaka dada. Kwa mchanganyiko, ngoja. Ngoja mpaka manyoya ya shingoni na ya kiunoni yaote: yakichongoka ni dume, yakiviringa nchani ni jike. Kabla ya hapo jibu ni moja tu, sijui bado.

Mimi sikusema sijui bado.

Vifaranga vilikuwa na wiki tano. Bwana Saa alikuja bandani, akatoa saa, akasema kuna Bwana mwenzake mwenye shamba mbele ya Mkuyuni ambaye anataka mitetea kumi na minane, majike machanga matupu, na watapelekwa kesho. Akaniuliza kama ninaweza kuwatenga leo. Wanawake wenzangu walikuwa wamesimama pale. Walikuwa na mazoea ya kunitania, kwamba mimi msomi wa masista nikimtazama kifaranga najua na jina atakalobatizwa. Nilipenda utani ule, mwanangu. Ulikuwa utajiri wangu wote. Nikasema, "Naweza, Bwana."

Nilitenga kwa panga. Wenye panga ndefu nikawaita madume, wakaenda jikoni kwa Bwana. Wenye panga fupi nikawaita mitetea. Nilifanya haraka, kwa madaha, nikijua ninatazamwa. Wawili waliobaki katika wale wenye panga fupi Bwana Saa akanipa mimi nikafuge, kama asante.

Aliyechaguliwa kuwabeba wale kumi na wanane alikuwa Kobelo. Alikuwa kijana mwembamba, mcheshi, aliyekuwa akimtunza mama yake hapa hapa Bigwa, nyumba ya tatu kutoka mtoni. Aliondoka na matenga mawili kwenye mti begani, akiwaimbia kuku njiani. Mvua ikamkamata, mto ukafurika, akalala usiku mmoja Mkuyuni. Ilikuwa siku ya soko. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo lililomfunga.

Miezi miwili na kitu ikapita. Wale wawili wangu nilikuwa nimewatengea kikapu nyuma ya jiko. Asubuhi moja nilikuwa nasonga uji nikasikia mmoja wao anajaribu kuwika. Unaijua sauti ile ya kwanza, kama mlango mbovu. Nilisimama na mwiko mkononi. Nikaelewa kila kitu mara moja, kumi na wanane wote, kama mtu anayeona mwisho wa hesabu kabla hajaiandika.

Sikumwambia mtu. Siku tatu nilimfunikia kikapu kwa blanketi ili asiwike. Siku ya tatu jioni msimamizi akapita kutuambia wote tufike shambani kesho asubuhi, kwa kuwa barua imekuja kutoka kwa yule Bwana wa Mkuyuni, kwamba kati ya kuku kumi na wanane kumi na mmoja ni majogoo, tena wana sura ya kuchi, si watoto wa jogoo wa Kizungu. Bwana Saa alikuwa ameshapata jibu lake: Kobelo aliwauza mitetea sokoni Mkuyuni, akanunua majogoo ya rangi inayofanana, akajaza matenga.

Nikamchinja yule jogoo wangu jioni ile ile.

Unaikumbuka siku hiyo, Beda. Umeisimulia mara nyingi, hata kwa wageni: siku tuliyokula nyama bila sikukuu, na wewe ukapewa paja zima. Kila ukiisimulia mimi huinuka nikaenda kuchochea moto. Ulikuwa ukila huku unacheza na mguu wa jogoo, unavuta ule mshipa ili vidole vifumbe na kufumbuka. Ukahesabu. Ukasema, "Mama, huyu ana vitano kama mimi." Nikakunyang'anya nikautupa motoni, na ulipolia nikakupiga kofi. Uliwahi kuniuliza, ukiwa mkubwa, kwa nini nilikupiga siku ya nyama. Nilikuambia sikumbuki.

Kesho yake tulisimama mstari. Afisa mmoja wa boma alikuwa amekuja, amekaa kitini, na kuku watatu kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wameletwa ndani ya tenga, wamefungwa miguu. Kobelo alieleza habari ya mvua na mto. Alieleza vizuri, hata akachekesha kidogo, kwa sababu hakuamini bado kwamba mtu anaweza kuumizwa kwa jambo ambalo halipo. Afisa akauliza ni nani aliyewatenga. Nikatoka mbele. Bwana Saa akaniuliza kupitia kwa karani: siku ile ulitoa mitetea au majogoo?

Tenga lilikuwa miguuni pangu. Nilikuwa naviona vidole vyao, vitano kila mguu, vimetokeza katikati ya fito. Hakuna kuku mwingine kutoka hapa mpaka Matombo aliyekuwa na vidole vile. Ningesema maneno matatu tu, hesabu vidole vyake, wangejua wale ni watoto wa jogoo wao, ni wale wale waliotoka bandani, na Kobelo angekwenda nyumbani. Halafu wangeniuliza mimi kwa nini niliwaita mitetea.

Nikasema, "Nilitoa mitetea, Bwana."

Walimlaza chini pale pale. Hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Sitakuandikia jinsi ilivyokuwa. Nitakuambia tu kwamba askari alihesabu kwa sauti, na kwamba Kobelo alipiga kelele mpaka kumi na nne, baada ya hapo aliyesikika ni askari peke yake. Tulikatazwa kugeuza uso. Kisha akatiwa mnyororo, akapelekwa na wafungwa wengine kubeba mawe ya reli iliyokuwa ikitandikwa kutoka Morogoro kwenda mbele. Mama yake alikuwa akiuliza kila mtu apitaye mtoni kama amemwona. Mvua zilizofuata akafa. Nilikwenda kwenye mazishi yake. Nilibeba maji, nilipika, watu wakanisifu kuwa nina huruma. Mwanawe alirudi akakuta nyumba imeangukia ndani.

Bwana Saa alinipandisha cheo, nikawa mwangalizi wa banda lote. Tangu siku hiyo sijawahi kumtaja kifaranga kuwa jike au dume kabla ya wakati wake. Watu wakaniita mwangalifu.

Sasa nikuambie jinsi Kobelo alivyokuja. Ni mwaka jana tu. Nilikuwa uani, akaingia, akabisha hodi kwa adabu, akakaa mbali kidogo. Sikuwa nimesema naye tangu siku ile. Akafungua kiganja, ndani mlikuwa na kifaranga cha siku chache. Akasema, "Mama Beda, wanasema wewe ndiye unayejua. Huyu ni jike au dume?"

Nilimgeuza kifaranga juu chini. Kilikuwa na vidole vitano.

Nilikirudisha kiganjani mwake haraka, na aliona. Nikasema sijui bado. Akanyanyuka, akasema basi atarudi. Akarudi baada ya siku nane, na kifaranga kile kile. Nikasema sijui bado. Akarudi tena. Wiki ya nne alikaa zaidi akanisaidia kumenya magimbi. Wiki ya sita aliniuliza, akiwa na uso wa mtu anayeuliza bei ya chumvi, kama na yeye mwenyewe nimeshamjua ni nini au bado. Nikacheka. Mungu anisamehe, nikacheka na nikalia, na ndipo nikamwambia yote, mlangoni, kifaranga kikidonoa unga miguuni petu.

Akasema, "Nilijua siku ile ile. Nilikuwa nimelala kifudifudi karibu na tenga. Niliviona vidole."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia alisema. Alisema mara mbili, lakini wakati huo kinywa chake kilikuwa kwenye vumbi na askari alikuwa anahesabu. Kisha akaniambia maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Nilikuchukia miaka miwili mizima, Mama Beda. Nilikuwa nikibeba jiwe nasema hili nitampiga nalo. Baadaye nikachoka. Nikakuta nimekuwa nakuwaza wewe tu kila siku, na sina mtu mwingine wa kumuwaza."

Sikumstahili, na nilimtaka kuliko kitu chochote duniani. Yote mawili ni kweli na sijui kuyapatanisha. Usiku nampaka mafuta ya nyonyo mgongoni kwa sababu ngozi ile hukaza wakati wa baridi. Nayajua makovu yake yote kwa vidole, kama nilivyokuwa nikizijua shanga za rozari. Mengine yamepishana, hayahesabiki. Yeye anasinzia. Mimi napaka, na furaha yangu na aibu yangu vinakaa mkono mmoja.

Nilitaka kumwambia mjomba wako kabla ya ndoa. Kobelo alikataa. Alisema amelizoea jina hilo, na kwamba mtoto ana mama mmoja tu, afadhali amdharau mtu wa kuja. Huyo mtoto ni wewe. Nikakubali, kwa sababu ilikuwa rahisi kukubali. Hilo ni kosa langu la pili, na nimelitenda nikiwa mtu mzima, bila Bwana Saa, bila askari. Wiki tatu nimekuwa nikikuangalia unampita mume wangu kama unampita mbwa, nami nimeificha kweli kama nilivyoificha siku ile mbele ya tenga.

Kesho mjomba akifika nitamwambia, mbele ya Kobelo na mbele yako, kabla hatujashika njia ya stesheni. Akitaka kunifukuza kwenye ardhi ya mama zetu, atanifukuza. Akitaka kwenda kumwambia Bwana Saa, njia anaijua. Sijui kitakachotokea. Naogopa sana, nimeshafuta sentensi hii mara mbili.

Huko unakokwenda watakuletea vifaranga vya mchanganyiko, na atakuja mtu mwenye haraka, na watu watakuwa wamesimama wanakutazama. Sina zaidi ya kukuambia kuhusu hilo. Umeshaona lilivyokuwa.

Unaweza kunichukia, Beda. Yeye alichukua miaka miwili. Wewe sijui utachukua muda gani, na sitakuandikia barua za kukuharakisha.

Sasa hivi yuko nyuma ya nyumba. Amekaa tangu mchana anakusukia tenga la safari, na hajaniambia, lakini nimeona ameweka ndani vifaranga vitatu vya yule kuku wake, ambaye siku hizi ni jike linalotaga vizuri. Ni vyako, ukaanze navyo mwenyewe. Vina wiki mbili. Usiniulize ni vya kike au vya kiume.

Ukimaliza kusoma, zunguka nyumba. Chukua kimoja, hesabu vidole vyake. Halafu mwamkie, au usimwamkie.

Mimi niko jikoni, na ukuta ni wa fito. Nitasikia.

Mama yako,
Matilda